Mkono Uliojaza Rangi

Kila alasiri, jua likishahamia upande wa pili wa nyumba na pazia la sebule ya juu likageuka rangi ya asali, Bibi Ijja aliinua mkono wake wa kulia na kukunja vidole viwili, kama mtu anayeshika unywele. Nekesa alijua ni saa ya kuleta sanduku.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Madam Hanan, binti ya Bibi Ijja, katika mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Nekesa alifika hapo kutoka Chwele, kule Bungoma, miaka mitatu nyuma, na mkataba wake ulisema kupika na kusafisha. Lakini akili ya bibi ilipoanza kutangatanga, jiko na fagio vikapewa msichana mwingine, na Nekesa akabaki na kazi moja: kukaa na bibi. Kumwogesha, kumvisha, kumfunga vifungo ambavyo vidole vyake havikuviweza tena, na kumsikiliza.

Sanduku lilikuwa la mbao ya mwerezi. Ndani mlikuwa na vito vya fedha tupu, vizito, vya kizamani: bangili zenye vinundu, hereni pana kama vikombe vya kahawa, mkufu wa kaharabu na marijani. Chini kabisa, katika kitambaa cha sufu, zililala pini mbili za pembetatu, kila moja kubwa kama kiganja, zimeunganishwa kwa mnyororo mrefu. Bibi aliziita tizerzai. Kwao, katika milima ya Waamazighi kusini mwa Moroko, wanawake walizitumia kufungia nguo mabegani. Juu ya fedha hiyo waya mwembamba kama uzi ulikuwa umepindwapindwa ukafanya vijumba vidogo, na kila kijumba kilijazwa kioo cha rangi: kijani, manjano na buluu, kuzunguka mawe madogo mekundu. Ukiziinua mbele ya dirisha, rangi ziliangukia mikononi mwako na kukaa hapo kama maji.

“Ni kazi ya babu yangu, Lahsen,” Madam Hanan alizoea kuwaambia wageni. “Bonde zima halikuwa na mfua fedha kama yeye.”

Bibi Ijja naye alikuwa akiyasikia maneno hayo huku akimimina chai, asiongeze kitu.

Alikuja Hijazi akiwa na miaka kumi na tisa, kwa meli ya mahujaji, pamoja na baba yake. Baba alifariki Jeddah wiki mbili baada ya hija. Msichana akaolewa na muuza vitambaa wa Balad, mji wa kale wa Jeddah, akazaa, akazeeka, na milima yake hakuiona tena. Sasa, miaka sitini baadaye, milima hiyo ilikuwa imeanza kumfuata yenyewe. Ilikuja wakati wa alasiri, sanduku likiwa wazi mapajani, na bibi akaingia humo kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake gizani bila kupapasa ukuta.

Siku ya kwanza alipomwita Nekesa “Mamas”, Nekesa alimsahihisha.

“Mimi ni Nekesa, Mama.”

Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeamka na homa. “Umelala sana, Mamas. Amka tukachote maji.”

Mamas alikuwa mdogo wake, aliyeachwa kijijini akiwa na miaka kumi. Nekesa alisahihisha mara mbili, mara tatu, kisha akaacha. Kukhu wake, bibi yake mwenyewe, alikufa Chwele katika mwaka wa pili wa mkataba wake, na waliomzika walimwambia kwa simu kwamba siku za mwisho alikuwa akimwita kila msichana aliyeingia mlangoni kwa jina la Nekesa. Basi huko nyumbani kulikuwa na wasichana walioitikia jina lake. Na yeye akaanza kuitikia la Mamas. Akajifunza kumwita bibi “Lalla”, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa huko kwao. Akajifunza kuuliza, “Na mlozi umechanua, Lalla?” na bibi akajibu umechanua mpaka kwenye paa. Baada ya miezi kadhaa Nekesa alianza kuota ndoto za mtu mwingine. Alijiona akipanda ngazi za udongo, akinusa moshi wa makaa, akishika theluji ambayo hajawahi kuishika maishani.

Mwezi wa pili mwaka huo, Rima, mjukuu wa bibi kule Riyadh, binti wa Faris kaka yake Madam, alikuwa anaolewa. Akapiga simu kwa shangazi yake Hanan akaomba jambo moja: siku ya hina avae zile pini za Bibi. Madam alifurahi. Lakini walipozifungua, wakakuta moja imevunjika sindano, na kwenye pembe yake vijumba saba vilikuwa vitupu, kioo kimepukutika. Bibi alikuwa ameiangusha kwenye marumaru, labda jana, labda mwaka jana. Hakuna aliyejua.

“Riyadh kuna fundi Mmoroko, pale Al-Shumaisi,” alisema Madam. “Faris amemsikia. Tutampa huko huko.”

Madam na mumewe wakatangulia kwa ndege. Bibi masikio yake hayakuvumilia ndege, kwa hiyo Faris, mwanawe wa Riyadh, akamtuma dereva wake aje kumchukua kwa gari. Dereva aliitwa Onesmo, Mhaya wa Muleba, mtu mtaratibu mwenye ndevu chache. Alifika alfajiri, akanywa chai ya maziwa jikoni, akamwambia Nekesa, “Dada, safari ni ndefu. Mwekee bibi mto wa shingo. Mimi sina haraka.”

Bibi alipanda gari na mfuko wa vito mapajani, na hakukubali mtu aushike.

Walishika barabara ya nje, ile wanayopita wasio Waislamu bila kuingia Makka, kisha gari likaanza kupanda mlima wa Hada kuelekea Taif. Barabara ilijizungusha kama utepe. Joto la Jeddah lilibaki chini, na ukungu ukateremka kuwapokea, mweupe, mzito, hadi Onesmo akawasha taa akaendesha mwendo wa mguu. Nyani walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa barabara, mmoja mmoja, migongo kwa bonde, kama wazee wanaosubiri kikao kianze.

Bibi Ijja alishusha kioo. Hewa ya baridi ikaingia. Akavuta pumzi ndefu na uso wake ukalegea kabisa.

“Tumekaribia,” alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, “Mamas, umewaambia?”

“Akina nani, Lalla?”

“Wanunuzi. Usiwaambie nani anayejaza rangi. Baba anasema wakijua ni mkono wa msichana hawatazichukua.”

Nekesa akasogea karibu. “Rangi unajaza wewe?”

“Na waya mimi. Unaniuliza kama hukai chumba kimoja nami? Macho ya baba yameingia ukungu tangu mwaka ule wa nzige. Yeye anapuliza moto, anapiga muhuri wake, anakwenda sokoni. Mimi nafanya.” Akamshika Nekesa mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. “Apa kwamba hutasema.”

Onesmo alitazama kwenye kioo cha kuonea nyuma, kisha akarudisha macho barabarani.

“Naapa,” alisema Nekesa.

Wakatoka kwenye ukungu ghafla, upande wa juu, jua likiwa kali. Bibi alikuwa amelala tayari. Kutoka hapo hadi Riyadh ilikuwa jangwa saa baada ya saa, ardhi ya rangi ya ngozi ya ngamia, mpaka Nekesa hakujua tena kama gari linakwenda au ni mchanga ndio unaopita. Alifikiria kiapo chake. Ameapa kwa jina la mtu mwingine, juu ya siri ambayo huenda ni ndoto ya mzee. Je, kiapo cha namna hiyo kinamfunga nani?

Kesho yake, nyumbani kwa Faris, pilika zilikuwa tele. Madam Hanan alitaka kumtuma Onesmo peke yake kwa fundi, lakini bibi aliukumbatia mfuko na kugeukia ukutani.

“Halas, basi, nendeni naye,” alisema Madam. “Mkabidhini fundi pini, mrudi kabla ya adhuhuri. Nekesa, usimwache ashuke kwenye gari. Pale vichochoro ni vibaya.”

Duka la fundi lilikuwa katika kichochoro cha Al-Shumaisi, kati ya kinyozi na muuza kadi za simu, dogo hata watu wanne wangejaza. Onesmo aliegesha barabarani. Lakini mlango wa duka ulipofunguliwa na harufu ya makaa na fedha ya moto ikatoka mpaka garini, bibi alishuka mwenyewe. Nekesa hakuwahi kumwona akishuka hivyo, bila mkono wa mtu. Akamkimbilia, akamshika kiwiko, wakaingia pamoja.

Fundi aliitwa Brahim, mtu wa makamo, na lenzi nyeusi imening'inia shingoni. Kazi zake mezani zilikuwa za kawaida: mikufu iliyokatika, kamba za saa, pete za kupanua. Nekesa alipofungua kile kitambaa cha sufu, Brahim alisogeza taa karibu. Akaweka lenzi jichoni, akaigeuza pini, akatazama mgongo wake.

“Muhuri wa Lahsen,” alisema kwa Kiarabu. “Mwalimu wangu alikuwa nayo moja kama hii. Alitunyima hata kuigusa. Alikuwa akisema, huyu mzee mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wote, na sijui aliupata wapi, maana alipokuwa kijana alifanya kazi ya kawaida tu.”

Bibi Ijja akajibu kwa lugha yao, Kitashelhit. Alisema sentensi moja. Brahim akainua uso. Yeye naye akasema jambo, bibi akajibu, na Nekesa alisikia sauti ambayo hakuijua, kavu, ya haraka, sauti ya mtu anayeulizwa juu ya kazi yake.

“Ananiambia makaa yangu ni mabaya,” Brahim alimwambia Nekesa. “Na kwamba nikichoma kijani kwenye moto huu kitakuwa cheusi.”

“Ni kweli?”

“Ni kweli.”

Akaenda nyuma, akarudi na kopo la bati lililofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na vipakiti vya unga wa kioo aliouleta kutoka Tiznit, kwao Moroko, miaka kumi na moja iliyopita. Hajawahi kuutumia, hapa hakuna aliyemletea kazi ya namna hiyo. Bibi alifungua kipakiti kimoja, akachota unga kwa ncha ya kidole, akausugua kwa dole gumba, akausikiliza. Kisha akainua mkono wa kulia na kukunja vidole viwili.

Brahim alielewa upesi kuliko Nekesa. Akaweka kati ya vidole hivyo unyoya uliochongwa ncha.

Alichokiona Nekesa baada ya hapo alikikumbuka siku nyingi kama mtu anavyokumbuka kitu alichokiona chini ya maji. Brahim aling'oa mawe mekundu yasiungue, akasafisha vijumba, akachomelea sindano mpya. Bibi alikaa kwenye kigoda, pini mbele yake, unga umeloweshwa kwa tone la maji. Vidole vilevile vilivyoshindwa na vifungo vya gauni vilichota punje za kijani na kuziteremsha katika kijumba kisichozidi mbegu ya ufuta. Alijaza, akakausha kwa pembe ya kitambaa, akajaza tena. Manjano. Buluu. Nje kichochoro kilipiga kelele zake, kinyozi alicheka, adhana ya adhuhuri ikalia na Brahim akafunga mlango, akasali pembeni, akafungua tena, na bibi hakuinua kichwa. Nekesa alikaa sakafuni miguuni pake. Alihisi yuko kwenye kile chumba cha ndoto, chenye ngazi za udongo.

Simu ikaita. Ilikuwa Madam.

“Mko wapi? Bibi hajala.”

Nekesa alitafuta maneno. “Madam, bibi yuko kazini.”

“Yuko nini?”

“Kazini, madam. Anajaza rangi.”

Kisha simu ikakatwa.

Madam Hanan alifika kwa teksi baada ya nusu saa, abaya yake imeburura vumbi la kichochoro. Aliingia akiwa na maneno mdomoni, na Nekesa alisimama kuyapokea. Lakini wakati huo Brahim alikuwa akiiingiza pini motoni kwa koleo, na mama yake alikuwa ameinama pembeni, mkono mmoja umeinuliwa, akihesabu kwa lugha ambayo Hanan hajaisikia tangu akiwa mtoto. Mkono ukashuka. “Toa,” alisema bibi, na fundi akatoa. Rangi zilikuwa nyekundu zote kwa joto. Kisha zikaanza kupoa, na kila moja ikarudi polepole kuwa ilivyo.

Madam alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani.

“Babu alimfundisha kumbe,” alisema. “Hakuwahi kuniambia. Lini alimfundisha?”

Brahim aliweka pini iliyopona kando ya mwenzake. Alitazama vijumba vipya, akatazama vya zamani, akarudia. Nekesa aliona kwamba ameshajua. Lakini fundi alimwangalia yeye, kana kwamba neno hilo si lake kulisema.

Nekesa alipiga magoti mbele ya bibi.

“Lalla,” alisema. “Yule mwanamke anauliza nani alijaza rangi. Nimwambie?”

Bibi Ijja alimtazama binti yake kwa muda mrefu. “Si mnunuzi?”

“Hapana. Ni mtu wa nyumbani.”

“Baba amelala?”

“Amelala, Lalla. Amelala kitambo.”

Bibi akafuta unyoya kwa ukingo wa mtandio. “Basi mwambie. Mwambie polepole.”

Nekesa akasema. Alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni, bila kupamba, kama alivyoambiwa mlimani: ukungu wa macho, waya, rangi, muhuri, soko. Brahim akaunga mkono kwamba mkono uliofanya pini zote mbili ni mmoja, na ndio huu uliofanya leo. Namna rangi inavyopanda ukingoni mwa kijumba ni ileile.

Madam Hanan hakulia. Alikaa tu, akivikunjua na kuvikunja vidole vya glavu yake.

“Miaka yote hii nimekuwa nikimsifu mtu mwingine mbele yake,” alisema hatimaye. “Na yeye ananimiminia chai.”

Kisha akatoka, akamwomba Onesmo anunue mkate na jibini duka la jirani, wote wakala pale pale juu ya meza ya fundi, kati ya tupa na nyundo. Bibi alikula kuliko siku zote.

Jioni ya hina Rima alivaa gauni la kijani, na pini mbili zikakaa mabegani mwake, mnyororo ukimshuka kifuani. Wanawake wakasogea kuziangalia. Shangazi mmoja aliuliza kama hii ndiyo kazi ya yule mzee Lahsen.

“Ni kazi ya mama yangu,” alisema Madam Hanan. “Alikuwa msichana.”

Yule shangazi alitabasamu kidogo, tabasamu la kumstahi mtu, na kutazama upande ule alikokaa bibi, ambaye wakati huo alikuwa akijaribu kuvua kiatu. Madam hakubishana. Alirudia maneno yaleyale kwa aliyefuata, na kwa aliyefuata, mpaka sauti yake ikakwaruza. Nekesa alisikia kutoka mlangoni alikosimama na sinia la tende.

Bibi mwenyewe hakukumbuka kitu. Asubuhi yake alipoulizwa habari za fundi alisema hajatoka nyumbani wiki nzima, magoti yanamuuma. Brahim alimpa Onesmo kopo lake la bati, lote, ampelekee bibi, na bibi alipolifungua alidhani ni viungo vya chai. Mkono ulikuwa umerudi kuwa ule wa kila siku, wa vifungo visivyofungika. Madam alimpa unyoya mara mbili tatu, akangoja, kisha akaacha.

Waliporudi Jeddah, Madam alimnunulia Nekesa daftari nene. “Anachokuambia wewe, andika,” alisema. “Kwa Kiswahili, kwa chochote. Tutatafsiri.” Na alasiri nyingine alipanda mwenyewe sebule ya juu, akavua viatu, akakaa zuliani karibu na Nekesa.

Alasiri moja ya mwezi wa nne, bibi alikuwa mtulivu, macho yako mbali. Hakumwita mtu kwa jina lolote. Nekesa alifungua daftari akaanza kumsomea, akigeuza kwa Kiarabu alipokuwa akienda. Alimsomea habari za msichana wa milimani ambaye baba yake aliishiwa na macho, na jinsi alivyokaa dirishani kutoka alfajiri akipinda waya, na wanunuzi walivyokuja kutoka mabonde ya mbali wakisifu mkono wasioujua.

Bibi Ijja alisikiliza kwa makini, kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

“Hawakumwambia asante?” aliuliza.

“Hawakujua ni yeye, Mama.”

“Alikuwa hodari,” alisema bibi. Akafikiri kidogo. “Mgongo ulimuuma, lakini. Kazi ile inauma mgongo. Andika na hilo.”

Nekesa akaandika. Madam Hanan, pale zuliani, alisogeza mto nyuma ya mama yake, na bibi akauegemea, akauliza kama chai imebaki.